Petali Zilizoungana: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Toleo lililopita lilieleza kwa ufupi sehemu kuu za ua: sepali za kijani zinazolinda chipukizi la ua, petali za rangi, stameni zinazobeba chavua, na ovari inayokuja kuwa tunda. Tangu hapo barua zimemiminika, nyingi kutoka Dodoma na Singida, na karibu zote zinagusa maua ambayo petali zake hazitenganiki. Tumechagua zile zenye manufaa kwa wengi. Petali zote za ua moja kwa pamoja tutaziita korola, na sepali zote kwa pamoja kaliksi.

Shikamooni. Mwalimu alitufundisha kwamba jakaranda ni gamopetali, yaani petali zake zimeungana, na mbuyu ni polipetali, yaani petali ziko huru. Lakini ua la mbuyu nikiliokota chini ya mti asubuhi nalikuta limedondoka zima, sawasawa na la jakaranda. Nitofautishe vipi? — Mwanafunzi wa kidato cha tano, Dodoma mjini

Marahaba. Mwalimu yuko sahihi, na ulichokiona wewe pia ni kweli. Kudondoka zima si ushahidi wa kutosha. Kinachoamua ni petali zimeshikana na nini. Kwenye jakaranda petali tano zimeungana zenyewe kwa zenyewe kando kwa kando, zikafanya neli moja ya zambarau, na ni vipande vitano vya ukingoni tu vilivyobaki huru. Kwenye mbuyu kila petali iko huru na jirani yake, ila kitako chake kimegandana na neli ya stameni, ile shada nene ya nyuzi nyeupe inayoning'inia katikati. Neli hiyo ikiachia, inaondoka na petali zote tano. Bamia, pamba na haibiskasi ni wa ukoo huohuo na wana mtego uleule.

Jaribio lenyewe ni la dakika moja. Chukua ua lililofunguka siku hiyohiyo, siyo lililonyauka. Ingiza ncha ya pini kati ya petali mbili huko juu, kisha ishushe taratibu kuelekea kitako bila kulazimisha. Pini itakaposimama ndipo muungano unapoanzia. Kwenye jakaranda itasimama karibu na mdomo wa ua. Kwenye mbuyu itateremka mpaka kwenye neli ya stameni. Ukiwa na wasiwasi kwamba pini imechana, tazama kingo kwa lenzi ya mkono: ukingo wa asili ni laini na mkavu, uliochanika una nyuzinyuzi na unyevu.

Mtego mwingine uko kwenye kunde, choroko na maharage. Petali mbili za chini zimeshikana kandokando zikafanya umbo la mtumbwi, lakini tatu zilizobaki ziko huru. Ua la namna hiyo haliitwi gamopetali. Andika tu kwamba petali mbili za chini zimeungana.

Nafundisha biolojia na nataka wanafunzi wajifunze maumbo ya korola kwa mimea ya huku kwetu, si kwa picha za mimea ya Ulaya. Nitumie mimea gani? — Mwalimu, Kondoa

Mwalimu, wilaya yako inayo karibu yote unayohitaji, mengine shambani na mengine kwenye bustani za nyumba. Kwanza wafundishe kutazama ua kwa ubavu. Makosa mengi hutokana na kulitazama kwa juu, kwa sababu kwa juu ua la nyanya, la vinka na la yasmini yote yanaonekana kama nyota. Kwa ubavu korola iliyoungana ina sehemu tatu: neli, ambayo ni sehemu ya chini iliyofungamana, ukingo, yaani sehemu ya juu iliyotanuka, na koo, pale neli inapofungukia ukingo. Umbo hutajwa kwa uwiano wa sehemu hizo tatu.

Nyanya, pilipili na ndulele wana umbo la gurudumu: neli ni fupi mno, pengine milimita moja au mbili, na ukingo unatandaa mara moja. Wanafunzi watakwambia ua la nyanya si gurudumu kwa kuwa vipande vyake vimekunjika kwenda nyuma. Kukunjika huko huja ua likikomaa, wala hakubadilishi umbo, maana neli bado ni fupi. Ua la tikiti maji nalo ni gurudumu, ila mikato yake inashuka karibu mpaka kitako. Bila ile pini utaapa kwamba petali ziko huru.

Vinka ina umbo la sinia. Neli yake ni nyembamba na ndefu, halafu ukingo unajipinda kwa pembe mraba na kulala bapa. Msanapichi na yasmini ni hivyohivyo. Weka vinka na nyanya kwenye meza moja, kila ua likiwa limepasuliwa katikati kwa wembe, na darasa zima litaona kwamba ukingo bapa ni uleule na tofauti iko kwenye neli. Kwa kuanzia hakuna jozi bora kuliko hii.

Faneli ni neli inayopanuka polepole kutoka chini hadi juu, kama ua la kiazi kitamu, na la datura inayoota kwenye majalala na kando ya mazizi. Hiyo datura ioneshe mwenyewe ukiwa umeishika. Mmea wote ni sumu, mbegu zikizidi, na mtoto hapaswi kuuonja wala kujishika machoni baada ya kuugusa. Kengele hutofautiana na faneli kwa kuwa inakuwa pana tangu chini, na mfano wake ni ua la boga. Neli tupu, yenye upana karibu sawa kutoka chini hadi juu, utaipata kwenye vimaua vya katikati ya alizeti. Umbo la mtungi, lenye tumbo pana na mdomo mwembamba, ni la nadra kwenye mashamba. Litafute kwenye maua madogo ya baadhi ya miti ya jenasi Diospyros vichakani.

Yaliyotajwa mpaka sasa ukiyakata kupitia katikati upande wowote, nusu zinalingana. Korola ya midomo miwili haiko hivyo: kuna mkato mmoja tu unaotoa nusu zinazolingana. Kwenye jakaranda vipande viwili viko juu na vitatu chini, na vitabu vingi hutoa hesabu hiyo ya mbili kwa tatu kana kwamba ni sheria. Sivyo. Kivumbasi na mrehani wana vipande vinne kwenye mdomo wa juu na kimoja tu chini. Mwanafunzi ahesabu mwenyewe na aandike alichohesabu.

Limebaki umbo la ulimi, na hapo mchunga unasaidia sana. Chambua ua moja la njano la mchunga na utapata vimaua vingi, kila kimoja kikiwa na neli fupi chini na upande mmoja ulionyooka kama utepe. Kwenye ncha ya utepe kuna meno matano madogo. Ndizo petali tano zilizoungana.

Kitabu kimoja kinasema korola "ina meno", kingine "ina vipande", kingine "imegawanyika". Mipaka yake iko wapi? — Mwanafunzi wa chuo, Singida

Mipaka inatokana na kipimo cha kina cha mkato. Pasua korola kwa urefu, itandaze juu ya karatasi nyeupe, kisha pima mara mbili kwa rula ya milimita: kutoka kitako hadi ncha ya kipande, na kutoka kitako hadi chini ya mkato ulio kati ya vipande viwili. Toa cha pili kwenye cha kwanza, upate kina cha mkato. Kigawanye kwa urefu wote.

Tuseme korola ya boga ina milimita 90, na mkato unaanzia kwenye milimita 60. Kina ni 30, ambacho ni theluthi moja. Hiyo ni korola "yenye vipande", kwa sababu mkato haujafika nusu. Ukikaribia nusu husemwa "imekatika hadi nusu". Ukipita nusu kuelekea kitako, "imegawanyika". "Meno" ni kwa mikato midogo kabisa ya ukingoni, kama ya datura. Waandishi hawafuati mipaka hii kwa ukali uleule, na kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba siku zote uandike sehemu yenyewe: "mkato theluthi moja ya urefu". Namba hiyo haina utata kwa yeyote atakayeisoma.

Pima angalau maua matano kutoka mimea tofauti, uandike kipimo kidogo na kikubwa kabisa. Ua moja halisemi habari za mmea mzima.

Kiazi kitamu kitakusumbua kwa kuwa ukingo wake karibu hauna mkato. Usiandike "petali moja". Ligeuze ulitazame kwa nje: utaona mistari mitano iliyokolea inayopanda kutoka kitako hadi ukingoni, na kila mmoja ni katikati ya petali. Chipukizi la ua likiwa bado limefungwa, mistari hiyohiyo ndiyo inayobaki nje huku sehemu nyororo za kati zikiwa zimekunjwa na kusokotwa ndani.

Ufuta wangu uko wiki ya pili ya maua. Kila jioni chini panajaa maua yaliyodondoka. Jirani amenishauri nipige dawa. Nifanyeje? — Mkulima, Chemba

Ndugu mkulima, kabla hujatoa pesa ya dawa, okota maua ishirini hivi jioni hiyohiyo uyatazame moja moja.

Ulichookota kikiwa ni neli tupu nyeupe au ya waridi, yenye tundu kitakoni na bila kitu chochote cha kijani, hakuna ugonjwa. Hiyo ni korola peke yake. Ua la ufuta hufunguka alfajiri na korola yake huachia kati ya mchana na jioni ya siku ileile. Ipasue kwa kucha: ndani utaona stameni nne, mbili ndefu na mbili fupi, zimegandana na sehemu ya chini ya neli. Ndiyo sababu zinaondoka nayo. Tundu la kitakoni ni pale korola ilipokuwa imezunguka ovari. Sasa nenda kwenye mmea, tazama kwapa la jani ambapo ua lilitoka. Ukikuta kaliksi ndogo ya kijani yenye ncha tano, na katikati yake ovari yenye vinyweleo iliyosimama imara, tunda linaendelea. Baada ya siku chache litakuwa limerefuka.

Hali ni nyingine ukiokota ua lenye kijani chake na kikonyo chake. Hapo ua lote limetupwa, pamoja na tunda ambalo lingekuja. Kisababishi cha kwanza kukiangalia ni maji: ufuta hauvumilii maji yaliyotuama hata kidogo, na mbuga za udongo mweusi hutuamisha maji baada ya mvua kubwa. Ukame mkali wakati wa maua nao hufanya hivyo. Halafu tafuta wadudu. Majani ya juu yaliyofungwa pamoja kwa utando, na matundu kwenye maua na vitumba vya mbegu, ni kazi ya kiwavi wa ufuta. Machipukizi ya maua yaliyovimba yakawa mviringo na magumu bila kufunguka yana funza wa inzi mdogo. Yachume uyachome moto. Ukithibitisha kwamba ni kiwavi na shambulio ni kubwa, mwone afisa ugani akuchagulie dawa, na uipige jua likizama. Asubuhi nyuki wamo ndani ya neli, na utawaua.

Maua ishirini yakiwa mchanganyiko, kwa mfano kumi na nane korola tupu na mawili yenye kijani, usihangaike. Mmea hutupa machache kila siku.

Petali za alizeti za njano zikipukutika mapema, mbegu zinapungua? Mwaka jana nilipata mapepe mengi, yaani mbegu tupu. — Mkulima, Kongwa

Zile za njano pembeni si petali za ua moja. Kila moja ni kimaua kizima chenye korola ya umbo la ulimi, na katika alizeti vimaua hivyo vya pembeni havizai mbegu. Kazi yake ni kuwaita wadudu. Vikipukutika baada ya uchavushaji hupotezi chochote.

Mbegu zinatoka katikati, kwenye vimaua vya umbo la neli ambavyo kichwa kimoja kinaweza kuwa navyo zaidi ya elfu moja. Chomoa kimoja kwa kibano. Chini kabisa kuna ovari, ambayo ndiyo mbegu ya kesho. Juu yake neli ya njano yenye meno matano. Na ndani ya neli hiyo kuna neli nyingine ya rangi ya kahawia iliyokolea, iliyofanywa na anthera tano zilizogandana, yaani vifuko vya chavua vya stameni. Siku ya kwanza staili, yaani kijiti kinachotoka kwenye ovari, inapanda ndani ya anthera na kuisukuma chavua nje. Siku ya pili stigma, ncha ya staili inayopokea chavua, inafunguka kwa matawi mawili yaliyojikunja, tayari kupokea. Vimaua hufunguka kwa duara kutoka nje kwenda ndani, na kichwa kizima huchukua siku tano hadi kumi.

Mapepe husomeka kwa mahali yalipo. Yakiwa katikati tu ya kichwa, mara nyingi maji au rutuba vilipungua mwishoni, kwa kuwa vimaua vya katikati ndivyo vya mwisho. Yakiwa yametapakaa kichwa kizima, fikiria uchavushaji: nyuki wachache, mvua ya mfululizo wakati wa maua, au dawa iliyopigwa asubuhi. Upungufu wa boroni ardhini pia huleta mapepe, na huo unathibitishwa kwa kupima udongo. Usikisie.

Nalima zabibu Hombolo na sijawahi kuona petali kwenye mzabibu. Je, hazipo? — Mkulima, Hombolo

Zipo tano, za kijani, na muungano wake ni wa kipekee. Maua yote ya gamopetali tuliyotaja yameungana kuanzia kitakoni. Mzabibu una petali zilizoungana nchani, na kitakoni ziko huru. Kwa hiyo ua halifungukii juu. Petali zinaachia chini, zinajikunja, na stameni tano zinapojinyoosha zinazisukuma zote pamoja kama kofia mpaka idondoke. Kimaua kizima kina urefu wa milimita chache tu, na kwa macho matupu unaona vumbi la kijani na kahawia chini ya kichala.

Kumbuka kwamba kwenye maelezo ya kibotania mzabibu hauwekwi pamoja na gamopetali kama boga na ufuta. Andika "petali tano, zimeungana nchani, zinadondoka kama kofia".

Kwa mkulima hiyo kofia ni kipimo. Chagua vichala kumi kutoka sehemu mbalimbali za shamba, kila asubuhi kadiria ni sehemu gani ya vimaua imeshavua kofia. Ikifika nusu, ndicho kilele cha maua, na tarehe hiyo iandike kwenye daftari, kwani kazi zinazofuata huhesabiwa kutoka hapo. Mzabibu unajichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kutoona nyuki kusikutishe. Linalotisha ni mvua na baridi wakati huo: kofia hubaki zimenata, chavua haisambai, na kichala kinatoka chenye punje chache na vijipunje vilivyodumaa. Kofia zilizolowa zikabaki ndani ya kichala hualika ukungu. Ndiyo maana siku hizo usimwagilie kwa kurusha maji juu ya majani. Pitisha maji chini. Punguza majani yaliyofunika vichala ili upepo upite, ila usiviache uchi kwa jua la Dodoma.

Na usishtuke vimaua vingi vikidondoka baada ya kilele. Hata kwenye kichala kizuri, kwa kawaida chini ya nusu ya vimaua ndivyo vinavyofanya punje.

Nafuga nyuki Manyoni. Nitajuaje kwa kutazama ua kama nyuki atafikia nekta? — Mfugaji nyuki, Manyoni

Pima vitu viwili: urefu wa neli na upana wa koo. Ulimi wa nyuki wa asali una takribani milimita 6. Neli fupi kuliko hapo, nyuki anakunywa akiwa amesimama nje. Ikiwa ndefu zaidi, kila kitu kinategemea koo. Koo ambalo kalamu ya risasi inaingia bila kuchana, kama la ufuta, boga au kiazi kitamu, nyuki anaingia na mwili wake wote, na urefu wa neli hauna neno. Koo jembamba juu ya neli ndefu, kama la vinka, ni mali ya vipepeo na nondo. Ua la rangi ya chungwa la Leonotis, lile linalokaa mafungumafungu kama mipira yenye miiba kando ya barabara, ni la chozi, ndege mwenye mdomo uliopinda.

Wakati mwingine utamkuta nyuki akinyonya kwenye neli ndefu kwa ubavuni. Tazama kitako cha korola: pana tundu lililotobolewa na nyuki wakubwa weusi wanaochimba mbao, na wa asali amelifuata tu. Anapata nekta bila kugusa stameni.

Usipande msanapichi kwa ajili ya mizinga. Harufu yake ni nzuri, neli yake ni nyembamba, na ndani hamna nekta. Nyanya nayo haina nekta; inatoa chavua tu, tena kwa kutetemeshwa na nyuki wengine, siyo wa asali.

Kwenye fomula ya ua, mabano yana maana gani? — Mwanafunzi, Mpwapwa

Fomula ya ua ni kuandika sehemu za ua kwa ufupi, kwa herufi na namba: K ni kaliksi, C korola, A stameni na G ovari. Namba iliyo ndani ya mabano inamaanisha sehemu hizo zimeungana. Nyanya ikiwa na sehemu tanotano huandikwa K(5) C(5) A5 G(2): sepali tano zimeungana, petali tano zimeungana, stameni tano, ovari ya kapeli mbili zilizoungana (kapeli ni sehemu zinazoijenga ovari). Mstari ukichorwa chini ya G unaonesha ovari iko juu ya mahali sehemu nyingine zilipoota. Mstari ukiwa juu ya G, ovari iko chini, kama ya boga. Stameni zikiwa zimegandana na petali, chora tao kuunganisha C na A. Wengi husahau tao hilo, na katika maua ya gamopetali linahitajika karibu kila mara. Ufuta: K(5) C(5) A4 G(2), pamoja na tao.

Maua yenye neli nikiyakausha kwenye magazeti yanajibana na hayasomeki. — Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

Hilo ni kawaida: neli ikilazwa, kuta mbili zinagandana na kila kilichomo ndani kinapotea. Dawa yake ni kukausha maua ya mmea mmoja kwa namna tatu. Mawili au matatu yalaze kwa ubavu kama yalivyo, ili umbo lionekane. Mawili yapasue kwa wembe upande mmoja, kutoka ukingoni hadi kitakoni, uyatandaze ndani yakiwa juu. Hapo stameni na vinyweleo vya kooni vitabaki wazi. Mengine mawili yatie kwenye kichupa cha spiriti ya asilimia 70, na ndani utumbukize karatasi yenye namba ya sampuli iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Wino utayeyuka.

Chuma mapema, kabla ya saa nne asubuhi. Jua na upepo wa kiangazi cha Dodoma hukunja ua la kiazi kitamu au la boga kabla ya adhuhuri, na likishajikunja halinyooki tena. Beba kopo la plastiki lenye mfuniko na kitambaa chenye unyevu, siyo kilicholowa. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu za mwanzo, la sivyo korola itageuka kahawia. Vipimo na rangi viandike palepale shambani: zambarau ya jakaranda haitabaki ileile baada ya kukauka.

Mipapai yangu michanga imeanza kutoa maua. Naambiwa dume lina neli na jike halina. Ni kweli? — Mkulima, Bahi

Ni kweli. Ua la dume lina neli nyembamba yenye vipande vitano na stameni kumi kooni, nayo huning'inia mengi pamoja kwenye kikonyo kirefu chenye matawi. Ua la jike ni nene, limekaa karibu na shina, petali zake tano ziko huru au zimeungana kidogo sana kitakoni, na ukizifungua unakuta ovari kubwa katikati. Kuna na mipapai yenye maua ya jinsia mbili, yenye neli, stameni na ovari kwa pamoja. Kwa hiyo usikate mti kwa kuona neli peke yake. Pasua ua kwanza. Ukikosa ovari nene yenye vijimbegu ndani, kwenye maua kadhaa ya mti huo, ndipo useme ni dume. Acha dume moja kwa kila majike kumi hadi ishirini kwa ajili ya chavua.

Bogenvilia iko kundi gani? — Msomaji, Singida

Haina petali kabisa. Yale mabapa matatu ya rangi ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kineli chembamba kilichosimama juu ya bapa, chenye nyota ndogo nyeupe au ya manjano mdomoni, na kineli hicho ni sepali zilizoungana. Andika "kaliksi ya umbo la neli, korola haipo".